Pipa Lililorudi Limejaa

Niligonga ubavu wa pipa kwa kifundo cha kidole, na pipa likanijibu vibaya.

Mtu mwingine asingesikia kitu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, viti vya plastiki vilikuwa vikiburutwa sakafuni, akina mama walikuwa wakipanga sahani. Lakini mimi nimeishi na mapipa muda mrefu. Pipa lililopungua lina sauti mbili, ya chini nzito na ya juu yenye mwangwi, na panapokutana sauti hizo ndipo uso wa wiski ulipo. Hili lilikuwa na sauti moja tu. Nikagonga juu kidogo, kisha karibu kabisa na kizibo. Sauti ileile, fupi, ya mtu aliyeshiba. Pipa nililolitoa ghalani mwanzoni mwa wiki likiwa limebaki nusu, sasa lilikuwa limejaa hadi juu.

Sikuweza kuuliza. Wakwe walikuwa wameshakaa, na siku ya mahari, kwetu Burundi, baba wa binti hasemi. Hukaa kwenye kiti chake kama picha iliyotundikwa ukutani, na msemaji wa familia humsemea. Msemaji wangu alikuwa Gustave. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi ndani ya suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe, mkono mmoja mfukoni, akiwachekesha wakwe zangu kabla hata shughuli haijaanza.

Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa. Epiphanie, mke wangu, aliniuliza kwa macho kama kuna jambo. Nikamtikisia kichwa kwamba hakuna.

Gustave ni Mkongo wa Uvira na mimi ni mtu wa Rumonge, kwa hiyo tulizaliwa kwenye ziwa moja, kila mmoja na ukingo wake. Tulijuana hapa Johannesburg, Yeoville, kwenye foleni ya hati za ukimbizi, tukiwa bado na nywele nyeusi. Yeye alikuwa na mkasi na futi ya kupimia. Mimi nilikuwa na kamusi. Alifungua duka la ushonaji kwenye mtaa wa Rockey, mimi nikapata kazi ya ulinzi katika kiwanda kidogo cha wiski upande wa mashariki wa mji, karibu na reli. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima Joubert Park, darasa lililokuwa juu ya duka la simu. Nilianza na Kiingereza, nikaja kwenye hesabu, kisha sayansi kidogo. Miaka ilivyokwenda, mwenye kiwanda alinitoa getini akaniingiza ghalani, na baadaye akanikabidhi ghala zima. Sikupendelewa na mtu. Nilisoma.

Lakini jioni za mtu zikienda shule, nyumbani kwake haziko. Gustave hakuwa na mke wala mtoto katika mji huu, na mlango wake wa duka ulikuwa hatua chache kutoka mlango wa jengo letu. Nilipokuwa nikirudi na vitabu vyangu, nilikisikia kicheko cha Epiphanie tangu ngazi ya pili. Nikiingiza ufunguo, kicheko kinakwisha. Hakikukatwa, kilikwisha tu, kama maji yaliyofika mwisho wa mfereji. Gustave angekuwa ameshainuka, akiokota pini zake. "Karibu nyumbani, vieux," angesema, yaani mzee kwa Kifaransa chake, kama kwamba nyumba ni yake na mimi ndiye mgeni. Kisha angeshuka zake, na mimi ningekula chakula changu kimya huku nikiona nyuzi za rangi kwenye zulia langu.

Sikuwahi kumshuku kwa yale ambayo wanaume hushukiana. Ningemshuku kwa hilo, ningemfukuza na mambo yangeisha. Wivu wangu haukuwa na pa kushika. Ulikuwa wivu wa futi iliyozungushwa shingoni mwa binti yangu Ariane akiwa usingizini, ameichezea mpaka akalala nayo. Ulikuwa wivu wa sare ya shule. Yeye ndiye aliyeishona ya kwanza, na kila mwaka aliikunjua pindo akaishusha kidogo, kwa hiyo alijua kimo cha mwanangu kuliko mimi. Siku moja Ariane aliugua darasani, na shule ikapiga simu kwa baba yake. Simu ililia dukani kwa Gustave. Ariane alikuwa ametoa namba hiyo mwenyewe, kwa sababu, aliniambia baadaye bila ubaya wowote, Papa Gustave anapokea.

Mwaka ambao Ariane alianza darasa la kwanza, mwenye kiwanda aliniambia nichague: aniongezee mshahara, au anipe pipa moja la wiski changa, iliyotoka kwenye mtambo wiki hiyo, nililee mwenyewe ghalani mwake mpaka nitakapotaka. Wenzangu walinicheka. Nilichagua pipa.

Nilijua ninachofanya. Nguo ya Gustave itabana, itachanika, itapewa mtoto wa jirani. Pipa langu litakaa gizani likiongezeka thamani kila mtoto anapoongezeka kimo, na siku ya mahari ya Ariane litatoka. Hakuna futi itakayolipima.

Ariane alipokuwa na miaka kumi hivi nilimpeleka ghalani. Ilikuwa majira ya baridi, ile baridi yetu ya Johannesburg isiyo na tone la mvua, midomo inapasuka na nguo zinakauka kabla hujafika mwisho wa kamba. Ghalani kulinuka mbao, sukari iliyoungua, na kitu kingine kilichokukaa puani kama moshi. Mwenye kiwanda alikuwa akikiita kile kinachopotea fungu la malaika. Mimi sikumtajia mtoto malaika. Nilimwinua mkono, nikamfundisha kugonga.

Aligonga chini, akagonga juu. Akaipata sauti ya pili haraka kuliko nilivyotarajia.

"Baba," akasema, "nani anakunywa zawadi yangu?"

"Hewa."

Alitazama juu kwenye bati kama anamtafuta. "Inalipa?"

Nikamweleza taratibu, kwa Kiswahili, jinsi nilivyokuwa nimeielewa mimi mwenyewe kwa Kiingereza baada ya kusoma ukurasa mmoja jioni nyingi. Mbao za pipa zinapumua. Kila mwaka kidogo kinatoka, na hakirudi. Mahali penye unyevu, kama miji ya pwani, hewa imeshashiba maji yake, kwa hiyo inaondoka zaidi na ule ukali, na wiski inazeeka ikiwa laini na dhaifu. Huku kwetu juu, hewa ina kiu. Inachukua maji kwanza. Wiski inapungua upesi sana, nusu nzima yaweza kupotea kabla mtoto hajawa mtu mzima, lakini kinachobaki ni kikali zaidi, kizito zaidi, kimekaa na mti mpaka kimejifunza lugha yake. Hapo wenye pesa huja kukitafuta. Wananunua kidogo kwa bei ya kingi, kwa sababu hakuna mtu awezaye kutengeneza miaka.

"Kwa hiyo linapungua na bei inapanda."

"Hivyo hasa."

"Basi likiisha kabisa litakuwa ghali kuliko yote."

Nilicheka mpaka walinzi wakachungulia. Nikamwambia ndiyo maana lazima awepo mtu anayejua siku ya kulitoa, kabla hewa haijamaliza. Akauliza mtu huyo ni nani.

"Baba yako."

Alinishika mkono njia nzima hadi kwenye taksi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Kabla hatujapanda nilimwinamia nikamwambia mambo ya pipa yabaki kati yetu, asimwambie mtu. Akauliza, hata Papa Gustave? Nikasema, hata Papa Gustave.

Na mimi pia sikumwambia Gustave. Alijua kuna pipa, alijua ni la Ariane, basi. Mara nyingine alinidokeza akitaka nimfafanulie, mimi nikazungumzia mvua. Yeye alikuwa na kila kitu kingine. Elimu ya pipa ilikuwa yangu na mwanangu.

Armel alipokuja kumtaka Ariane, miaka ya pipa ilikuwa imetimia kumi na mitano. Armel ni kijana wetu, Mrundi aliyekulia Joubert Park, mpole, fundi wa umeme. Sina neno juu yake. Jioni tuliyokaa kupanga siku ya mahari, Ariane aliniwekea chai mbele yangu, akakaa kwenye mkono wa kiti.

"Baba, wewe si hutakiwi kusema siku ile?"

Nikasema ndiyo, desturi ndiyo hiyo.

"Basi aseme Papa Gustave. Anajua kuongea na watu."

Nilimjibu, "Sharp." Ndiyo sawa ya mji huu, neno zuri, linafunga mlango bila kuupiga. Usiku ule, hata hivyo, nilipata mpango wangu, na ulinituliza. Gustave atasema, sawa. Lakini kitu atakachokisema kitakuwa changu. Mwenye kiwanda tulikuwa tumeshapatana: wazee wa pande zote mbili wataonja, kizibo kitarudishwa, na Jumatatu gari lake litakuja kulichukua pipa na kununua kilichomo kwa bei ya wiski ya miaka kumi na mitano. Fedha hiyo itawaanzishia watoto nyumba. Na Gustave, kwa kinywa chake kile kitamu, atalazimika kutangaza mbele ya watu wote kwamba baba yake Ariane ndiye aliyeyafanya haya. Maneno ya kueleza kwa nini pipa ni nusu, na kwa nini nusu hiyo ni heshima, nilikusudia kumpa asubuhi yenyewe, mlangoni pa ukumbi. Ningempa mapema, angeyalamba na kuyanakshi mpaka yangetoka yakiwa yake.

Pipa lililetwa na pikapu ya kiwanda. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo letu ilikufa zamani, kwa hiyo hapakuwa na pa kuliweka ila dukani kwa Gustave. Tuliliviringisha pamoja, tukapita kati ya cherehani zake mbili, tukalisimamisha ukutani chini ya nguo zilizotundikwa. Liliviringika kirahisi mno. Gustave aliliwekea kiganja juu, akalitikisa kidogo, na sisi wote wawili tukasikia jinsi kilichomo kilivyochezacheza kule ndani.

"Vieux," akasema polepole. "Hii ndio yote?"

"Ndiyo yote."

Nikamwachia kutokuelewa kwake, nikatoka nje nikiwa na raha ambayo sikuwa nimeionja siku nyingi.

Asubuhi ya mahari nilipopita dukani kuangalia pipa likipakiwa, vijana walikuwa wameshalitoa, wakilalamika uzito. Nilidhani ni uvivu. Niliona pia kwamba cherehani ilikuwa moja. Pale ilipokuwa ya pili, ile nzuri ya umeme, palibaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu na duara la vumbi. Nilifikiri ameipeleka kwa fundi. Gustave mwenyewe alikuwa ameshatangulia ukumbini, na nilipofika alikuwa amezungukwa na wakwe, kwa hiyo maneno niliyomtunzia yalibaki kinywani mwangu.

Sasa yafaa niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na watu wa Uvira wanalijua vilevile. Chombo cha pombe kinachowekwa mbele ya wakwe hujaa. Kikipungua, hakuna atakayesema neno. Watakunywa, watashukuru, na wakifika kwao wataulizana nani alikinywa njiani, na ni familia gani hii inayowatunzia wakwe masalio. Nikiwa mtoto niliwahi kuona mtungi wa pombe ya ndizi uliopasuka kidogo ukirudishwa nyumbani kilima kizima, kwa sababu ulikuwa umevuja upana wa vidole viwili. Hilo nilikuwa nikilijua. Ndiyo maana nilikuwa nimeandaa maneno.

Mzee Joël, msemaji wa upande wa Armel, alisimama akaomba. Gustave akajibu. Waliomba tena, akawazungusha, akajifanya hajui binti wanayemtaka, akawaletea shangazi mwenye miaka sabini, ukumbi ukaangua kicheko. Nilimtazama Ariane, aliyekuwa ameketi kando ya mama yake ndani ya vazi la rangi ya shaba alilotengenezewa na mnajua nani. Alikuwa akicheka kwa mdomo wazi, macho kwa Gustave. Kila kicheko kilipokwisha ndipo alipogeuka kunitazama, kama mtu anayekumbuka kuaga.

Kisha pipa likafunguliwa. Kizibo kilipotoka, wiski ilionekana palepale juu, iking'aa hadi mdomoni, na wazee wa upande wa pili wakaguna kwa kuridhika. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wageni wapate kuona haina sumu. Ni tendo pekee la baba siku hiyo, na baada yake anaruhusiwa neno moja: ni nzuri. Gustave mwenyewe ndiye aliyenijazia glasi ndogo akaniletea kwa mikono miwili.

Wiski iliyokaa miaka kumi na mitano huingia kinywani kama mgeni mwenye adabu. Inavua viatu mlangoni, inakaa, inanyamaza, ndipo inapoanza kukueleza ilikotoka. Hii iliingia na viatu vyake vyote. Ilikuwa pombe ya duka la jirani, ile ya chupa bapa inayouzwa kando ya sigara, na chini yake, mbali, kama mtu anayeita kutoka ghorofa ya chini, nikaisikia yangu. Ule mti. Ile sukari iliyoungua. Ilikuwa bado inajitahidi.

Katika kazi yetu umri wa wiski ni umri wa tone lake changa kuliko yote. Mimina kikombe kimoja cha leo ndani ya miaka kumi na mitano, umepata wiski ya leo. Hakuna mtu atakayeinunua Jumatatu. Nyumba ya watoto ilikuwa imekwisha pale, kwenye ulimi wangu.

Niliinua macho. Gustave alikuwa akinitazama kwa uso wa mtu aliyekubebea mzigo usiku na hataki utaje. Aliinamisha kichwa kidogo tu.

Hapo nikaziona akilini zile alama nne za sakafu ya duka, na nikajua cherehani iko wapi.

Ningeweza kusema. Neno langu moja lilikuwa langu, na hakuna aliyeandika liwe lipi. Ningesema: kuna mtu ameliharibu pipa hili. Nilikuwa na ujuzi wote, nilikuwa na haki yote, na yule mwenye kinywa kitamu angesimama katikati ya ukumbi katika suti yake ya kijivu bila jibu. Nilikuwa nimeingojea siku kama ile kwa miaka mingi bila kujua naingojea. Nilimtazama Ariane ili nipate nguvu ya kulisema. Na nilivyomtazama nikajua, kama ninavyojua pipa kwa kuligonga, kwamba nikimwangusha Gustave pale, binti yangu atainuka kitini, na atakwenda kusimama upande wake.

"Mwenye nyumba," Mzee Joël akasema, kwa maana nilikuwa nimechukua muda. "Ni nzuri?"

"Ni nzuri," nikasema. Kisha nikavunja desturi kwa sentensi moja zaidi. "Linywewe lote. Lisirudi nyumbani."

Ukumbi ulinguruma. Wakwe walitazamana, kwa sababu hakuna baba aliyewahi kuwafungulia pipa zima. Gustave akalidaka neno langu kabla halijafika chini. Alisema hivi ndivyo alivyo Baba Ariane, mtu wa maneno machache na mkono mpana, aliyeficha gizani kwa miaka kumi na mitano asichotaka kujipa mwenyewe. Alinisifu vizuri sana. Akina mama wengine walifuta machozi. Nami nilikaa kwenye kiti changu nikisikiliza makofi, na nilijua yanapigiwa sauti yake.

Jua lilipoanza kushuka nilitoka nyuma ya ukumbi kupata hewa. Gustave akanifuata. Alikuwa amelegeza tai, na alizungumza kwa ile lafudhi yake ya Uvira inayorudi akichoka.

"Pole, vieux. Mi sikumwambia mutu."

"Hukumwambia mtu nini?"

"Bale bakwe wangeiona nusu, ungefanya namna gani?" Aliweka mkono begani mwangu. "Miaka yote ile, na pipa iko karibu ya mukono. Masomo, kazi, uchovu. Mutu anapitiwa. Hata mi ningekunywa."

Ilinichukua muda kumwelewa. Alidhani nimekunywa. Alidhani mwaka baada ya mwaka, mimi, mtunza ghala, nimekuwa nikijichotea zawadi ya mwanangu, na akauza cherehani yake bora ili aibu yangu isionekane. Na hakuwa amenihukumu. Alikuwa amenisamehe zamani, labda palepale dukani, kiganja chake kikiwa bado juu ya pipa.

Nikafungua kinywa nimweleze. Maneno yote nilikuwa nayo: mbao zinazopumua, mji mkavu, maji yanayotangulia. Nilikuwa nimeyatunza miaka kumi na mitano.

"Sikunywa," nikasema. "Ni hewa iliyokunywa."

Gustave alinitazama kwa upole ambao sitausahau, akanibana bega.

"Ndiyo, vieux," akasema. "Ni hewa."

Ushahidi ulikuwa umejazwa hadi kizibo, na wakati ule ulikuwa ukinywewa. Nikamuuliza tu kuhusu cherehani. Akasema cherehani ni chuma. Kisha akarudi ndani, ambako walikuwa wakimwita kwa jina, na hata hapo, Mungu ananiona, nilichohisi kwanza hakikuwa shukrani. Nilihisi kwamba hata kwa kutoa amenizidi. Mimi nilitoa kitu ambacho sikuwa nikikitumia. Yeye alitoa mkate wake.

Ariane alinikuta hapo. Alikuwa ameshika viatu vyake mkononi, amechoka, vazi la shaba limekunjamana. Alisimama karibu nami, tukatazama mnara wa Ponte ukiwaka taa zake moja moja.

"Baba," akasema, "asubuhi nilikwenda dukani kuvaa. Nililigonga."

Niliacha kutazama taa.

"Lilikuwa na sauti moja." Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara moja, kunionyesha. "Eish. Nikajua kilichotokea, maana cherehani haikuwepo. Pole kwa pipa lako."

"Lilikuwa lako."

"Pole kwa pipa letu."

Nikamuuliza, na nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida, kwa nini basi hakumwambia Papa Gustave kuhusu hewa. Si siku ile tu. Miaka yote, jioni zote zile wakiwa pamoja, akitundika futi yake shingoni.

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli.

"Ulinikataza," akasema. "Ulisema yabaki kati yetu."

Kisha akanishika mkono, kama siku ile ya taksi, na akaniacha tu alipoitwa na mama yake.

Armel na Ariane walianza maisha kwenye chumba cha kupanga na kitanda cha kuazima, na wanaendelea vizuri. Pipa tupu lilirudi dukani Rockey. Gustave aliliweka pale cherehani ilipokuwa, akalishonea mto, likawa kiti cha wateja. Kwa kuwa nimestaafu, mimi ndiye ninayelikalia zaidi. Siku nyingi hukaa hapo mchana na gazeti langu, yeye akikata vitambaa. Sasa anakata vidogo vidogo, vya mtoto anayetarajiwa, na ameshaninyima mara mbili nilipotaka kuchagua rangi.

Tangu siku ya mahari hajawahi kunimiminia pombe. Wenzetu wakija na chupa, yeye huipitisha mbele yangu haraka, kwa ustadi, na mimi hunipa chai ya tangawizi. Nimemsikia akimnong'oneza mteja kwamba mzee huyu alikuwa na tatizo kidogo, lakini ameacha, na kwa umri wake si jambo dogo. Alisema kwa fahari, kama kwamba amenishona yeye.

Ariane alikuwepo siku hiyo, akipimwa tumbo. Alilisikia. Tulitazamana juu ya futi ya Gustave.

Nikagonga pipa nililolikalia. Lilijibu kwa mwangwi, toka chini hadi juu.

"Unasikia nini humo, vieux?" akauliza Gustave, pini midomoni.

"Hewa," nikamwambia, nikanywa chai yangu.